Mwenye Genge na Mkulima: Matembezi kutoka Kikuyu hadi Mpunguzi



Wengi waijuao Dodoma huijua kwa habari za serikali. Wamesikia kwamba mwaka 1973 iliamuliwa mji huu uwe makao makuu, kwamba mwaka 2016 serikali ilianza kuhamia kweli kweli, na kwamba tarehe 26 Aprili 2018 mji ulipandishwa ukawa jiji. Hayo yote ni kweli, lakini leo nakuomba tuyaache kando. Tutembee pamoja siku moja tu, tokea Kikuyu mpaka mashamba ya Mpunguzi, tutazame jambo ambalo kila nyumba inalijua: chakula chetu chatoka wapi, na yule aliyekilima amelipwa nini, na lini.

Usidhani nasema habari za Wakikuyu wa Kenya. Kikuyu yetu ni sehemu ya Dodoma, nayo ina kata mbili, Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini. Ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, mahali palipokuwa zamani Shule ya Sekondari ya Mazengo. Nyumba ni nyingi, wapangaji ni wengi, wanafunzi ni wengi, na penye watu wengi hapakosi genge.

Amka mapema, kabla jua halijawa kali. Simama mbele ya genge lo lote la Kikuyu, umsalimu mwenye genge, kisha umwulize mali yake yatoka wapi. Nyanya hizi? Zimetoka Ilula, mkoa wa Iringa. Vitunguu? Singida. Viazi mviringo? Njombe. Ndizi za kupika? Mbeya. Hapo utastaajabu kidogo, maana ukipanda kilima cho chote cha Dodoma na kutazama pande zote, waona mashamba. Mbona basi nyanya imesafiri usiku kucha katika lori, na mkulima aliye karibu yupo nyumbani kwake amekaa na tenga lake?

Nilimwuliza swali hilo mama mmoja mwenye genge. Hakufikiri hata kidogo. Alinijibu, "Kaka yangu, lori la Iringa lina siku yake. Likisema Jumanne, ni Jumanne. Hawa wa kwetu hapa wanakuja siku wanayoamka nayo. Leo wanakuja sita pamoja, wote na mchicha. Wiki nzima inayofuata simwoni hata mmoja. Nami wateja wangu wanakula kila siku."

Yaweke maneno hayo moyoni, msomaji, kwani ndiyo mzizi wa habari yote. Mara nyingi twasema wenye maduka hawawapendi wakulima wa kwao, au twasema wakulima wetu ni wavivu. Kwa niliyoyaona mimi, hapana mmoja kati ya hayo lililo kweli. Wa mbali ana siku, ana kipimo, ana bei inayojulikana. Wa karibu hana hata kimoja katika hivyo vitatu, wala hakuna aliyemkalisha chini akavipanga naye.

Haya, tupande basi dogo, tushike barabara ya Iringa.

Ukiisha kuziacha nyumba za mji, nchi yafunguka. Ni nchi kavu. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Utaona mibuyu imesimama kama wazee wa baraza, na ardhi nyekundu kati yake. Mababu wa Wagogo waliifahamu nchi hii vema. Walilima uwele na mtama kwa kuwa huvumilia jua, wakafuga ng'ombe na mbuzi, na mboga ya masika kama mlenda waliikausha ili iwafae kiangazi. Asiyeifahamu nchi huadhibiwa nayo. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, upande wa mashariki wa mkoa huu, na matrekta mengi, ili walime karanga katika mashamba makubwa mno. Ardhi ikawa ngumu kama saruji wakati wa jua, mvua hazikutosha, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Karanga zenyewe hazikuwa na kosa. Hata leo akina mama wa Kongwa hulima karanga, katika vishamba vyao, kwa kadiri ya mvua. Kosa lilikuwa kupanga kazi ya mkulima pasipo kumwuliza mkulima. Nakuomba ulikumbuke hilo, maana mwenye duka naye aweza kulifanya kwa kadiri yake ndogo.

Mbele kidogo twafika Bihawana. Hapa katika miaka ya 1950 wamisionari walipanda mizabibu, na watu wakaona kwamba mti huu wa ng'ambo umelipenda jua letu. Tokea hapo mizabibu ilienea Mpunguzi, Matumbulu, Hombolo, Chinangali na penginepo. Makutupora, kaskazini ya mji, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na zabibu nyekundu iitwayo Makutupora sasa yajulikana kwa kila mkulima. Yafaa kwa mvinyo, tena yafaa kuliwa. Katika nchi za baridi mzabibu huzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma huzaa mara mbili, mara moja karibu na Machi, na mara ya pili karibu na Agosti na Septemba. Hii ni neema kubwa. Lakini neema isiyo na mnunuzi hugeuka kuwa majonzi.

Tushuke hapa Mpunguzi. "Mbukwenyi!" ndivyo watakavyokusalimu wazee. Itikia kwa heshima, kisha tuingie katika shamba la mama yangu mdogo. Ana ekari moja ya mizabibu na kisima. Hapa nitakueleza jambo ambalo si sifa kwangu.

Mwanzo wa mwezi wa Machi 2022 mizabibu yake ilizaa sana. Wenye viwanda vya mvinyo walikuwa wamejaa mali, na wakulima wengi walilia kwa kukosa soko. Mimi ni mtu wa mjini kidogo, nafahamiana na watu. Nikamwambia, "Mama, usihangaike, nitakupatia duka." Nikampeleka katika duka moja kubwa, ambalo jina lake nitalificha. Msimamizi alituchangamkia sana. Akasema atachukua kilo 140, kila kilo kwa shilingi 2,500, lakini kwa mali kauli, yaani apewe mali sasa, fedha baadaye. Siku kumi na nne, alisema. Jumla ni shilingi 350,000. Mama yangu mdogo alifurahi, nami nilijiona mtu wa maana.

Siku kumi na nne zikapita. Tukaambiwa tungoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita. Pasaka ikaja na kupita, hapana kitu. Mtoto wake alikuwa anadaiwa michango ya shule, na mwalimu alikwisha kumrudisha nyumbani. Mama akauza mbuzi wawili, tena kwa bei ya mtu mwenye shida, ambayo wewe msomaji waijua. Mwezi wa Juni alilipwa shilingi 120,000. Hizo nyingine, walisema, zimekatwa, kwa sababu zabibu nyingi zilifika zimepondeka na kuchacha.

Je, walisema uongo? Hapa ndipo moyo wangu uliponichoma. Kreti zetu tulizijaza kupita kiasi, tukazipanga moja juu ya moja katika pikipiki ya matairi matatu, katika jua la saa saba. Hapana shaka baadhi zilipondeka. Lakini ni kilo ngapi? Kumi? Themanini? Hakuna aliyejua. Hatukupima pamoja nao, hatukuandika. Mimi kazi yangu ni ukarani wa parokia. Siku zote naandika: nani amebatizwa, nani ameoa, tarehe gani, shahidi nani. Hata senti ya sadaka naiandika. Lakini zabibu za mama yangu mdogo, chakula cha watoto wake, sikuziandikia hata mstari mmoja. Niliamini uso wa mtu na kiti chake kizuri.

Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, tumejifunza." Laiti angenilaumu, ningeona nafuu.

Wala mambo haya si ya Dodoma peke yake. Kenya ilikuwa na maduka makubwa ya Nakumatt, yenye matawi mpaka Tanzania na Uganda. Yalipoanguka, na wadai wakakubali mwaka 2020 kampuni ifilisiwe, watu wengi waliopeleka mali zao kwa ahadi walibaki na karatasi mikononi. Na Uingereza, nchi iliyozoea maduka makubwa zamani sana, malalamiko ya wakulima na watengenezaji wa vyakula yalizidi hata mwaka 2013 ikatungwa sheria na kuwekwa msimamizi, kazi yake ni kuangalia maduka makubwa yasiwadhulumu wale wanaoyaletea mali. Basi ikiwa huko kwenye mahakama nyingi na mawakili wengi mkulima huhitaji mlinzi, sembuse mama wa Mpunguzi?

Sasa sikiliza upande wa pili wa habari hii, kwani sikukuleta mpaka hapa ili tulie tu.

Baada ya Pasaka ile, yule mama mwenye genge wa Kikuyu, aliyeniambia habari za lori la Iringa, nilimwomba aje Mpunguzi siku ya Jumapili. Alikuja. Tukakaa chini ya mti, yeye, mama yangu mdogo, na mimi na daftari. Safari hii nilikuja na daftari! Mazungumzo yalianza na swali la mwenye genge: "Mama, mimi siwezi kilo mia kwa siku moja. Zitaniozea. Naweza kilo ishirini Jumatatu na ishirini Alhamisi. Waweza kunipa hivyo kwa wiki nyingi?"

Mama yangu mdogo alifikiri, akasema yawezekana, kama akipogoa kwa zamu. Maana mzabibu wetu huiva kadiri ya miezi minne baada ya kupogolewa. Ukipogoa shamba zima siku moja, shamba zima litaiva pamoja. Ukipogoa mistari michache wiki hii, na michache wiki ijayo, mavuno nayo yatafuatana hivyo hivyo. Miaka yote alipogoa kwa siku mbili akamaliza, kwani hakuna aliyempa sababu ya kufanya vingine. Waona, msomaji? Mapatano na mwenye duka yafaa yafanywe kabla ya kupogoa, kabla ya kupanda. Ukimwendea na tenga limekwisha kujaa, huna mapatano tena. Wewe ni mwombaji, na yeye ajua.

Waliafikiana shilingi 1,800 kwa kilo. Ni kidogo kuliko 2,500 za lile duka, nami nilimtazama mama kwa wasiwasi. Lakini fedha ni jioni ile ile, kwa simu. Kila mzigo upimwe kwenye mizani mbele ya watu wawili, uandikwe mara mbili, nakala moja ibaki gengeni na nyingine irudi shambani. Zilizopondeka zitengwe pale pale, zihesabiwe wote wakiona.

Tufanye hesabu kidogo, kama darasani. Kilo 20 mara mbili ni kilo 40 kwa wiki. Kilo 40 mara shilingi 1,800 ni shilingi 72,000. Katika wiki sita za Septemba na Oktoba 2022 ilikuwa zifike kilo 240, yaani shilingi 432,000. Haikufika hivyo kamili. Wiki moja pampu ya kisima iliharibika, mistari ikakosa maji. Lakini mama alipiga simu Jumamosi, akasema, "Jumatatu usinitegemee." Mwenye genge akaenda soko la Majengo akanunua kwa watu wengine, wateja wake hawakukosa, wala hakukasirika. Asingepigiwa simu, angekaa Jumatatu na meza tupu, na urafiki ungekwisha pale pale. Mwishowe mama alipokea zaidi ya shilingi laki tatu na nusu, kidogo kidogo, kila mara kwa siku yake. Mtoto alikwenda shule na michango imelipwa. Mbuzi wengine hawakuuzwa.

Basi, ndugu msomaji, tumepata nini katika safari hii? Nitakupangia kwa mafungu, kwanza kwa mwenye duka au genge, kisha kwa mkulima, na mwisho kwa sisi sote tulao.

Wewe mwenye duka, jua kwanza kwamba mkulima wa jirani ni faida kwako, wala si sadaka. Nyanya ya safari ndefu huchumwa bado haijaiva ili ivumilie lori. Ya jirani yaweza kuchumwa imeiva, ikafika ina ladha. Zabibu nayo ikishakatwa haizidi kuiva. Utamu wake ni ule iliokuwa nao mtini. Kwa hiyo akuleteaye asubuhi kilichochumwa alfajiri anakupa kitu ambacho lori haliwezi kukupa. Mpe basi siku yake na kiasi chake. Mwambie mapema wateja wako wapenda nini, kwani yeye hawaoni. Mlipe siku mliyopatana, hata kama ni kidogo. Ukishindwa kulipa, mwite umwambie kwa kinywa chako, usimfanye aje mara nne kutazama mlango. Tena mwandikie jina lake au la kijiji chake kwenye kibao: "Mchicha wa Hombolo", "Karanga za Kongwa". Mteja hupenda kujua, na mkulima akipita akaliona jina la kijiji chake, wiki ijayo hatakuletea mabovu.

Kuhusu mabovu, yako mambo madogo yapunguzayo hasara. Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliwaonyesha watu wa kaskazini ya nchi ile kutia chungu kimoja ndani ya kingine, na mchanga katikati yao. Mchanga hunyeshewa maji, mdomo hufunikwa kitambaa kibichi. Maji yakikauka hewani hupoza chungu cha ndani, na mboga hudumu siku nyingi zaidi. Njia hii hufaa hasa penye hewa kavu. Na hewa kavu, Dodoma tunayo ya kutosha! Haihitaji umeme wala fundi, ila vyungu viwili na maji kidogo ya asubuhi na jioni.

Wewe mkulima, usifiche mabovu chini ya tenga. Najua waona ni werevu, lakini ni werevu wa siku moja. Mwenye genge atakapolimimina tenga atakupima wewe, si nyanya. Usipende lumbesa pia, lile gunia lililovimba juu kama mjamzito. Wachuuzi hutaka lumbesa ili wapate zaidi kwa bei ya gunia moja; sheria ya vipimo huikataza, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wapo kwa ajili hiyo. Uza kwa kilo. Penye soko kubwa la nafaka la Kibaigwa, kwenye barabara ya Morogoro, watu hupima kwa mizani, na ugomvi hupungua. Kama mizani ni ghali kwa mtu mmoja, wanunuzi kumi na wauzaji kumi hawashindwi kuichangia.

Tena, angalia sana ukavu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na ugonjwa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na wengine walikufa. Kuvu hiyo hupenda punje yenye unyevu. Anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo mtupu. Wazee wa ugani hutufundisha jaribio rahisi: tia punje za mahindi katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise, uache kidogo. Chumvi ikigandamana kwenye chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani. Mwenye duka aulize jambo hili bila haya, na mkulima alijibu bila hasira. Hapa biashara na uhai ni kitu kimoja.

Na wote wawili, msiende peke yenu. Mama mmoja na kilo ishirini hawezi kulisha duka kubwa, lakini akina mama kumi na watano waweza, wakigawana siku. Ndiyo maana ya ushirika. Mwaka 1844 wafumaji na mafundi wengine, jumla yao 28, wa mji wa Rochdale, Uingereza, watu maskini waliochoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vingine, walichanga wakafungua duka lao dogo. Walianza na unga, siagi, sukari na vitu vichache tu, wakaweka sharti la kipimo cha haki na mali safi. Kwetu, Wachagga walikuwa na chama chao kikuu cha kahawa tangu mwaka 1933. Najua, ushirika nao umekuwa na wezi wake, na wengi wetu tuna makovu. Lakini kovu la ushirika mara nyingi lilitokana na lile lile lililonipata mimi: fedha za watu wengi zisizoandikwa vema, na viongozi wasioulizwa. Dawa yake ni daftari lililo wazi na wanachama wasioogopa kulifungua.

Watakaotaka kupeleka mali iliyotengenezwa, kama zabibu kavu, siagi ya karanga au unga wa ubuyu, wajue kwamba duka kubwa litauliza alama ya TBS. Msikate tamaa kwa hilo. Nendeni ofisi ya SIDO ya mkoa, kazi yao ni kuwaongoza wenye viwanda vidogo. Zabibu iliyokaushwa vema hungoja mnunuzi. Mbichi haingoji mtu.

Sasa jua linashuka. Turudi Kikuyu.

Tazama taa za mji zinavyozidi kila mwaka. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012, Dodoma mjini palikuwa na watu 410,956. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 765,179. Midomo imekaribia kuwa maradufu katika miaka kumi tu, na yote yataka kula asubuhi na jioni. Midomo hii italishwa, shaka hapana. Shaka ni kama italishwa na malori ya mbali peke yake, huku vijana wa Mpunguzi wakija mjini kutafuta vibarua kwa sababu shamba la baba "halilipi".

Wewe usomaye gazeti hili kijijini, huenda huko kwenu hakuna zabibu. Kuna mihogo, maharage, mayai, asali, dagaa. Na kuna duka, hata kama ni kibanda chenye mlango mmoja. Wiki ijayo mwendee mwenye duka hilo kabla hujavuna, umwulize maneno matatu: siku gani, kiasi gani, bei gani. Kisha mtafute kijana ajuaye kuandika, aandike mara mbili. Na wewe uishiye mjini, utakaponunua nyanya kesho, uliza zimetoka wapi. Mwenye genge akiulizwa hivyo na watu kumi, ataanza kuwatafuta wakulima wa karibu bila kuhubiriwa.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami bado nina deni kwa mama yangu mdogo. Nimeanza kulilipa kwa namna niwezavyo: kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nakwenda Mpunguzi na daftari langu, nakaa chini ya mti ule ule. Mwanzo nilimwandikia yeye peke yake. Sasa wanakuja akina mama wanane.